Kipande cha Babu, Ikama ya Mjukuu

Usiku tuliomsindikiza mdogo wangu uwanja wa ndege, akienda Saudia kufanya kazi za nyumbani, mamangu alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamsomea Fatiha, kisha akamwombea dua moja tu: "Mungu akupe madam mzuri." Shangazi akaomba vivyo hivyo. Jirani aliyekuja nasi akaitikia na kuirudia. Hata wakala, aliyefika dakika za mwisho kumkabidhi bahasha ya karatasi zake, alimgusa bega akamwambia, "Wewe omba tu upate madam mzuri." Nyuma yetu walikuwako wasichana wengine kama ishirini, fulana zao za rangi moja, mitandio yao imefanana, kila mmoja na bahasha yake kifuani, na mama zao wakinong'ona maneno yale yale.

Niliitikia amina. Lakini dua ile ilinikwama kooni tangu usiku ule na sijaimeza mpaka leo. Kakangu alipopata kibarua bandarini Kilindini hatukumwombea bosi mzuri. Tulimwombea riziki na uzima, basi, kwa sababu tulijua bosi akiwa mbaya kakangu atarudi nyumbani jioni, atalalamika, na kesho akishindwa ataacha. Kwa huyu binti tuliomba kingine. Kumbe sote tuliosimama pale tulijua, bila ya mmoja wetu kutamka, kwamba kwa miaka miwili usingizi wake, chakula chake, mshahara wake, simu yake na siku yake ya kurudi vitakuwa mkononi mwa mtu mmoja asiyemjua.

Watu wakizungumzia taabu za ugenini huanza na baridi, na lugha, na upweke, na macho ya watu madukani. Hayo yapo na yanauma. Lakini katika miaka hii ya kusikiliza ndugu zangu walioko nje, Uarabuni na Ulaya, nimeona kwamba mtu anaweza kuizoea baridi na anaweza kujifunza lugha. Kinachomvunja ni haki yake ya kuwepo pale kuandikwa kwa jina la mwajiri. Hapo ndipo taabu nyingine zote zinapopata meno.

Nyumba aliyopelekwa mdogo wangu, mjini Riyadh, ilikuwa ya ghorofa tatu na watoto watano. Aliamka alfajiri na kulala saa saba usiku. Ramadhani, mwezi ambao kwetu hulegeza mambo, kwake ulikuwa wa kupika usiku kucha na kuosha vyombo mpaka jua litoke. Alinitumia sauti kwa simu akiwa chumba cha kufulia, akinong'ona, na nyuma ya sauti yake nilisikia mashine ikizunguka. Nikawa najua siku yake imefika wapi kwa mlio wa ile mashine.

Hakupigwa. Nalisema hili mapema kwa sababu msomaji wetu amezoeshwa kungoja kipigo, maji ya moto, dirisha la ghorofa ya nne. Visa hivyo vipo na vimezika watu. Malalamiko yake yeye yalikuwa madogo madogo, na labda ndiyo sababu hatukuyasikia. Kwamba hachagui saa ya kula. Kwamba ana miezi minane Riyadh na hajawahi kutembea barabarani peke yake, mji mzima anaujua kwa kioo cha gari. Kwamba simu huruhusiwa Ijumaa tu, na siku nyingine huitumia kwa siri. Kwamba amesahau ladha ya mbaazi za nazi, na siku moja aliota anakula mahamri barazani kwetu akaamka analia. Kwamba jina lake lilikuwa gumu kwao, wakampa jingine fupi, na sasa akiitwa la kwake kwenye simu hushtuka.

Mgongo ulipoanza kumsumbua akaomba abadilishwe nyumba. Madam, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa mtu wa kelele, alimjibu neno ambalo kila aliyefanya kazi ya nyumba Ghuba amelisikia au amesimuliwa: "Nimekununua."

Neno hilo limetukanwa sana, na ni halali litukanwe, lakini ni vyema pia kuuliza limetoka wapi, maana lina hesabu nyuma yake. Familia ya Saudia inayotaka mfanyakazi kutoka Kenya hulipa ofisi ya uajiri kiasi cha riyali 10,000 kabla binti hajapanda ndege. Mshahara wake kwa kawaida ni riyali 900 hivi kwa mwezi. Maana yake familia imeshatoa, mkupuo mmoja, pesa za karibu miezi 11 ya mshahara, na pesa hizo hazikwenda kwake. Zimegawanwa na mawakala wa pande mbili. Miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio: akirudishwa, ofisi hutakiwa kuleta mwingine. Muda huo ukipita, hasara ni ya familia. Kwa hiyo kila siku binti anapotoka mlangoni, madam anaona riyali zake zinatembea. Akiwa mwema, atamhurumia binti na kuumia moyoni kwa pesa. Akiwa na hofu, atafungia pasipoti kabatini. Akiwa mkatili, atafunga na mlango. Utaratibu wenyewe ndio uliomkabidhi funguo, kisha ukatuachia sisi tuombe kwa Mungu zisiangukie mikononi mwa mkatili.

Huo ndio ukafala. Mgeni huingia kwa dhamana ya kafili, yaani mdhamini, na kitambulisho chake cha ukaazi, ikama, hufungamana na jina la huyo mdhamini. Akiondoka bila ridhaa, mdhamini anaweza kuripoti kwamba ametoroka. Ripoti hiyo huitwa huruub. Tangu hapo yeye si mfanyakazi mwenye malalamiko tena, ni mtoro anayetafutwa. Wakenya walioko huko wamemtungia jina: humwita "kemboi", kwa yule bingwa wetu wa mbio za kuruka viunzi na maji. Ni jina la ushujaa, na wanaolitumia hulitumia kwa mapenzi, lakini fikiria maisha linayoyaeleza. Kemboi hulala sita chumba kimoja, hufanya vibarua vya saa kwa malipo mazuri kuliko ya madam, na haendi hospitali. Akizaa nje ya ndoa, mtoto hapati cheti cha kuzaliwa, na mtoto asiye na cheti hapati pasipoti, na asiye na pasipoti hawezi kurudishwa kwa bibi yake. Wapo watoto wa namna hiyo sasa hivi, wanasema Kiswahili na Kiarabu, na hakuna nchi iliyowaandika.

Nchi za Ghuba zimefanya mabadiliko, na haki ni kuyataja. Qatar ilifuta sharti la kibali cha mwajiri wa zamani mwaka 2020 na kuweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 kuanzia Machi 2021. Saudia nayo Machi 2021 ikawaruhusu wafanyakazi wa kampuni kuhama mwajiri, lakini wa majumbani wakaachwa nje ya mlango huo. Kanuni zao mpya, zilizoanza kutumika Oktoba 2024, zinataja saa zisizozidi 10 za kazi kwa siku na siku ya mapumziko kila wiki. Nilimsomea mdogo wangu maneno hayo kwa simu. Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Dada, na nani ataingia jikoni kuhesabu?"

Nikawa sina jibu. Nikakumbuka kwamba swali hilo kwetu lina umri mkubwa.

Babu yetu mzaa baba alifanya kazi shamba la katani, pwani ya kaskazini, enzi za Mwingereza. Sisi wajukuu tulikuwa tukicheka alipokiita kitambulisho cha taifa "kipande", tukidhani ni Kiswahili cha kizee. Wakenya wengi bado wanakiita hivyo na wengi hawajui kwa nini. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipewa karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara na tarehe, akaitembeza shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Wakikuyu wakakiita mbugi, kengele ya mbuzi. Kilichokifanya kipande kuwa mnyororo kilikuwa sehemu moja ndogo ya karatasi ile: mahali pa saini ya mwajiri. Ukitaka kuacha kazi ni lazima bwana akutie saini ya kukuachia. Asipotia, huwezi kuajiriwa kwingine, na ukiondoka hivyo hivyo wewe ni mtoro na polisi watakurudisha.

Msomaji na aisome sentensi hiyo tena, aweke "kafili" mahali pa "bwana" na "huruub" mahali pa "mtoro". Hakuna kingine cha kubadilisha. Hata kuzaliwa kwake kunahusiana: wanahistoria wamefuata mizizi ya udhamini wa Ghuba hadi Bahrain ya miaka ya 1920, ambako maofisa wa Kiingereza walitaka kuwadhibiti wageni waliokuja kupiga mbizi kutafuta lulu. Himaya moja, miaka inayokaribiana, karatasi mbili zenye akili moja.

Na babu zetu hawakuomba bwana mzuri. Harry Thuku, aliyekuwa akiwapigania wafanyakazi, alipokamatwa Nairobi mwezi Machi 1922, pamoja na madai ya kodi na mishahara, kipande kilikuwa katikati ya hasira ile. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawatangulia wanaume waliokuwa wakisitasita. Alikufa kwa risasi pale pale, yeye na wengine. Kipande kile cha Waafrika peke yao kilidumu hadi mwaka 1947. Ilichukua robo karne nzima tangu siku ya risasi.

Sasa nihamie kwa binamu yangu, kwa maana kuna wanaonisoma hapa na kusema moyoni kwamba haya ni mambo ya Waarabu. Binamu hakutaka kusikia habari ya Uarabuni. Ana diploma ya uhasibu na Kiingereza chake ni kizuri. Mwaka 2023 akauza kiwanja cha Mtwapa alichoachiwa na marehemu baba yake, akamlipa mtu wa kati, akapata cheti cha udhamini cha kampuni ya kutunza wazee Uingereza, ingawa cheti hicho hakitakiwi kuuzwa kwa mwombaji hata kwa senti moja. Nchi hiyo ilikuwa imewafungulia mlango watunzaji wa wazee mwezi Februari 2022, kwa sababu wazee wake walikuwa wanakosa wa kuwaogesha.

Alifikia mji mdogo wa kaskazini. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, gizani, kwenda nyumba hadi nyumba: hapa dakika 30, pale 15, na muda wa kutoka nyumba moja kwenda nyingine haulipwi. Alimpenda bibi mmoja aliyepoteza kumbukumbu, ambaye kila asubuhi alimwuliza anatoka wapi, na kila asubuhi binamu alimjibu Mombasa, na kila asubuhi bibi alishangaa upya na kuuliza kama huko kuna joto. Hicho ndicho kilikuwa kipindi kizuri cha siku yake. Saa alizoahidiwa hazikutimia, mwezi mwingine alilipwa nusu, na alipouliza, msimamizi alimkumbusha kwa upole kabisa, bila ya kupandisha sauti, kwamba viza yake iko kwa kampuni.

Kisha kampuni ikanyang'anywa leseni ya udhamini. Serikali ilikuwa inawasaka waajiri wadanganyifu, jambo jema, ila adhabu ikamwangukia aliyedanganywa: barua ikamwambia ana siku 60 za kupata mdhamini mwingine au aondoke. Hakuwa peke yake. Kwa takwimu za serikali yao, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 zilifutwa leseni zaidi ya 470 za kampuni za utunzaji, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa chini ya kampuni hizo. Tangu tarehe 11 Machi 2024 watunzaji wapya walikatazwa kuja na wake, waume na watoto wao. Julai 2025 mlango wa kuajiri watunzaji kutoka nje ukafungwa.

Sisemi kwamba binamu na mdogo wangu wameteseka sawa. Binamu ana funguo za chumba chake, ana simu yake, na Jumapili hupika ugali na wenzake, unga wakinunua duka la Wahindi. Nasema wote wawili waliambiwa jambo lile lile walipodai haki yao, mmoja kwa ukali na mwingine kwa adabu.

Waingereza wenyewe wana ushahidi juu ya hili, na ni ushahidi mzito kuliko hoja yangu yoyote. Kuna viza ya wafanyakazi wa nyumbani wanaoingia London pamoja na matajiri wao, wengi wao familia za Ghuba zinazokimbia joto. Kuanzia mwaka 1998 mfanyakazi wa aina hiyo aliruhusiwa kuhama mwajiri akinyanyaswa, na kuongeza muda wa viza akiwa kazini. Aprili 2012 ruhusa hiyo ikafutwa: miezi sita, mwajiri mmoja, kisha urudi. Mashirika yanayowapokea wafanyakazi hawa yakaanza kulinganisha waliokuja kabla na waliokuja baada, na yakakuta kupigwa, kufungiwa ndani na kutolipwa kuko juu zaidi kwa hawa waliofungwa kwa mwajiri mmoja. Mji ni ule ule, matajiri ni wale wale, na dini yao na mila zao hazikubadilika mwezi ule wa Aprili. Karatasi ndiyo iliyobadilika. Mwaka 2016 ruhusa ya kuhama ikarudishwa, lakini ndani ya miezi ile ile sita, na nani atakayemwajiri mtu aliyebakiza wiki saba?

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaogeuza kila kisa cha Saudia kuwa mjadala wa tabia za Waarabu. Mjadala huo unatupa hasira na hautupi dai. Na sikubaliani kabisa na wale wa upande wa pili, ambao kila binti akirudi na jeraha huuliza kwani alikosa subira gani.

Serikali zetu zimetumia dawa mbili. Ya kwanza ni marufuku. Kenya ilizuia safari hizi mwaka 2012, ikazuia tena 2014. Mabinti wakapitia Uganda. Uganda ikazuia 2016, wakapitia Kenya. Aliyepita njia ya panya akifika huko hata ubalozi hauna jina lake. Dawa ya pili ni kuhesabu pesa. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95, na Marekani inaongoza. Wapo walioko Marekani wenye kadi ya kijani ambao nao hufanya zamu mbili na kulala garini, lakini mwajiri akiwaonea wanavuka barabara na kuomba kazi kwingine, na hiyo ni sehemu ya sababu wanaweza kutuma zaidi. Sijaona kiongozi akiifanya hesabu hiyo jukwaani.

Ufilipino waliifanya. Tangu mwisho wa 2006 waliweka kwamba mfanyakazi wao wa nyumbani haendi kwa chini ya dola 400 kwa mwezi, ambazo ni riyali 1,500. Mwaka 2018, mwili wa binti wao ulipokutwa ndani ya friza Kuwait, walisimamisha kupeleka watu, na hawakufungua mpaka yaliposainiwa makubaliano mwezi Mei kwamba mfanyakazi atakaa na simu yake na pasipoti haitashikwa na mwajiri. Hawajamaliza matatizo yao. Bado wanapokea majeneza. Lakini katika jikoni moja Riyadh, Mfilipino na Mkenya wakiosha sufuria zile zile, mmoja hupata angalau 1,500 na mwingine 900, na tofauti hiyo haitokani na usafi wa sufuria. Ni serikali mbili zilizokaa mezani, moja ikajua inataka nini.

Ningekuwa na sauti kwenye meza hiyo ningedai jambo moja kabla ya mshahara: kwamba Mkenya, Mtanzania au Mganda anayeingia nchi yoyote kwa kazi aweze kumwacha mwajiri na kwenda kwa mwingine bila ya saini ya yule wa kwanza, na ikama iendelee kuishi katikati ya hapo, miezi mitatu au minne, akiwa anatafuta. Gharama ya uajiri igawanywe kwa muda, mwajiri mpya alipe sehemu iliyobaki, hapo hata lile neno la "nimekununua" linakosa hesabu ya kusimamia. Mengine, mafunzo ya kutumia mashine na kamusi ya Kiarabu cha jikoni, ni mazuri lakini hayafungui mlango.

Vita vya Lebanon vilitufunulia mlango uliofungwa unafananaje. Mwezi Septemba na Oktoba 2024 mabomu yalipoanguka kusini, baadhi ya familia zilipakia magari na kuondoka, zikawaacha wafanyakazi wao ndani wakilinda nyumba, au zikawashusha njiani Beirut bila pasipoti. Wanawake wa Kiafrika walilala kandokando ya bahari na viwanjani, na wakitaka kupanda ndege waliulizwa karatasi ambazo mwenye nazo hajulikani amekimbilia wapi.

Kuna sehemu ya jambo hili ambayo ningependa kuiruka, lakini nikiiruka nitakuwa nimesema uongo. Mdogo wangu aliponiambia anataka kurudi, mwezi wake wa tisa huko, mama alimwambia, "Vumilia mwanangu, imebaki kidogo." Nami nikasema vivyo hivyo. Mabati ya nyumba ya mama yalikuwa yamefika nusu. Karo ya mwanangu wa kwanza ililipwa na yeye. Kila mwisho wa mwezi simu ya pesa ilipolia tulifurahi, na furaha ile ilitufanya tusikie nusu ya anayosema. Naye akajifunza kusema nusu. Alipiga picha kwenye sebule ya madam, kwenye makochi ambayo hakuruhusiwa kukalia, akazituma, na wasichana wa mtaani wakaziona wakaenda kumtafuta wakala. Kafili alishika karatasi yake, lakini na sisi tulikuwa tumeshika ncha ya kamba.

Na nyumbani kwetu humu, Mombasa na Nairobi, msichana wa kazi kutoka Kilifi au Kwale, au aliyevuka mpaka kutoka Tanzania, analala wapi? Nimeingia nyumba za watu ninaowaheshimu nikakuta kitambulisho chake kimefungiwa kwenye droo "asije akatoroka", na mshahara umewekwa "asije akautumia vibaya". Neno ni hilo hilo: kutoroka. Mwenye nyumba analitamka bila ya kusikia kengele ya mbuzi ndani yake.

Mdogo wangu alirudi miezi kumi na minne baada ya kuondoka. Nauli tulilipa sisi, na mshahara wa miezi mitatu ulibaki Riyadh. Mgongo bado. Ikama yake iliyokwisha muda anayo kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho cha taifa, na sijamwuliza kwa nini hakuitupa.

Wiki iliyopita jirani alimleta binti yake, umri miaka 23, viza imetoka, aondoka mwezi ujao. Mdogo wangu alikaa naye mkekani alasiri nzima. Alimkaririsha nambari ya ubalozi na yangu mpaka akaweza kuzisema bila kuangalia. Alimshonea mfuko mdogo ndani ya sidiria kwa ajili ya nakala ya pasipoti na laini ya simu. Alimfundisha maneno ya Kiarabu ya kusema "naumwa", "nimechoka", "nataka kurudi ofisini". Alimwonyesha kwenye mkataba mahali paliposema siku ya mapumziko, akamwambia apige picha ukurasa ule ampelekee mama yake.

Binti alisikiliza yote, kisha akauliza, "Na nikitaka kuhama?"

Mdogo wangu aliniangalia mimi. Nikasema tunaandika, tunapeleka barua kwa mbunge, tunaongea. Binti akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mama akatoka ndani na kikombe cha maji, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kumsomea, na alipofika kwenye madam mzuri nilisema amina kwa sauti, kwa sababu yule mtoto anaondoka mwezi ujao.